Nyayo za Gari la Wilbard

Mniache niseme mwenyewe, maana hapa Tunduma kila mtu ana habari yake ya Makoye. Wapo wanaosema kompyuta ilimchanganya akili. Wapo wanaosema alirogwa na watu wa ng'ambo kwa wivu. Upuuzi mtupu! Mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja, meza yangu mlangoni, yake dirishani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza.

Naitwa Tabu. Kwetu ni Ujiji, lakini Tunduma nimeshaizeekea. Kazi yangu ilikuwa kupanga malori ya bwana Ashraf, tajiri wetu: lipi linapakia, lipi limevuka, dereva gani amekwama Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo, nani mkewe amejifungua apewe habari. Vitendea kazi vyangu vilikuwa simu na mdomo. Mdomo wangu bwana Ashraf mwenyewe alikuwa akiuogopa, na ndiyo maana malori yake yalitembea.

Makoye aliletwa pale na kaka yake, Wilbard, aliyekuwa dereva wetu. Hawa ni Wasukuma wa bondeni Momba, wa zile familia zilizoshuka na ng'ombe kutoka Meatu miaka ya tisini. Wilbard ng'ombe hakuwataka. Alidandia lori akawa utingo, akalala juu ya mizigo miaka na miaka mpaka akakabidhiwa usukani, na alichokipata alimsomeshea mdogo wake. Makoye akaenda Mbeya mjini kusomea kompyuta, akarudi na cheti na miwani. Siku ya kuja kuanza kazi, Wilbard alimshika mkono mpaka ndani, kama mzazi anayepeleka mtoto darasa la kwanza.

"Da Tabu, hiki ndicho kichwa cha ukoo wetu," akaniambia. "Mkikiharibu mtanijibu."

"Mbona kichwa chenyewe kimekonda?" nikamuuliza.

Wilbard alicheka mpaka akashika tumbo. Makoye hakucheka. Alikuwa anaangalia nyaya za kompyuta zetu, jinsi tulivyozifunga kwa kamba ya katani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia nyumba ya wagonjwa.

Alikuwa kijana mpole mpaka anakera. Unamfokea, anasema, "Sawa, dada." Unamtania, anasema, "Sawa, dada." Lakini kazi aliijua. Mtandao wetu wakati ule ulikuwa wa kubahatisha, barua ya kwenda Dar inaweza kukaa inazunguka tangu asubuhi mpaka watu waende kula. Makoye akavuka geti la mpaka, akaenda zake Nakonde, akarudi na modemu yenye laini ya Zambia. Minara yao iko puani kwetu, na bando lao lilikuwa rahisi. Hapa kwetu hilo si jambo la ajabu. Nusu ya mji inapiga simu kwa laini ya ng'ambo, inanunua sukari ya ng'ambo, na mtu akikusalimia "mulishani" sokoni unamjibu bila kufikiri uko nchi gani. Barua zikaanza kuondoka mara moja. Bwana Ashraf akampa mkono mbele ya madereva wote, na Wilbard akazunguka kijiwe kizima akisema, "Mmeona? Mmeona dogo?" Hata mimi nilipiga makofi.

Malori yetu yalikuwa na vidude vya kuyafuatilia, vimefichwa nyuma ya dashibodi. Kila mara kidude kinatuma habari ya mahali gari lilipo, habari inakwenda kukaa kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa ya kampuni iliyotufungia, huko Dar es Salaam. Mwanzoni tulikuwa tunafungua ramani yao na kuona magari yetu yanatembea. Baadaye ile kampuni ikalegea, ramani ikafa, ukiifungua unaona ukurasa mweupe. Hatukuhangaika. Nilikuwa na simu, na madereva walikuwa wananiogopa.

Mwaka elfu mbili kumi na tatu, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, Wilbard alivuka na shehena ya vigae kwenda Kolwezi. Alinipigia kutoka Kasumbalesa. "Da Tabu, nimevuka Kongo. Mwambie Nyanzobe nitampigia nikishashusha mzigo. Na wewe uache kufoka, utazeeka vibaya." Nikamwambia azeeke yeye na mama yake. Akacheka, simu ikakatika. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya mwisho kwa Wilbard, na Mungu anajua ninavyoyachukia.

Kolwezi hakufika. Simu yake ikawa haipatikani. Tukasubiri, tukasema labda ni chaji, labda ni barabara. Bwana Ashraf akaenda mwenyewe mpaka Lubumbashi, akauliza kila mahali malori yanapolala, akaenda polisi, wakamwandika, akarudi amenyong'onyea. Gari zima na tela lake, ati halijaonwa na mtu. Hivi lori ni sindano?

Kule Momba baba yao akatuma neno. Mzee yule si mtu wa maneno mengi. Alisema hawezi kukaa matanga ya mtoto ambaye hajaonyeshwa mahali alipolala, na hawezi kumwambia mkwewe aendelee kungoja kama wa kungojwa hayupo. "Nionyesheni mahali," ndivyo alivyosema. "Hata kama ni porini. Mkinionyesha mahali, nitajua la kufanya." Basi ikawa hivyo. Nyanzobe, mke wa Wilbard, alikuwa si mke wala mjane, na watu wazima walipoingia kwake walikuwa hawajui waanze na salamu gani.

Ndipo Makoye alipovikumbuka vile vidude. Akapiga simu Dar. Dada aliyepokea akamwambia fundi wa ramani ameacha kazi, hawajapata mwingine, ila habari za magari bado zinaingia kwenye seva kama kawaida. Akamsomea anwani ya seva na nywila, akasema, "Kama mna mtu anayejua, avute mwenyewe."

"Mtu yupo," Makoye akasema. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti vile.

Asubuhi Nyanzobe alipokuja, alimkuta amekaa kitako mbele ya kompyuta. Mama yule alikuwa anashuka kila siku kutoka mtaa wa Maporomoko, anakaa kwenye benchi la madereva na mfuko wake wa michembe, vile viazi vikavu vya kwao, anatugawia, halafu anauliza. Siku hiyo walisalimiana kwao, "Mwangaluka," "Mwangaluka," kisha Makoye akageuza kiti.

"Shemeji, ng'ombe akipotea kule kwetu tunafanyaje?"

"Tunafuata nyayo," Nyanzobe akajibu. "Mapema, mvua haijanyesha."

"Basi na gari la kaka lina nyayo. Kila lilipopita, zimeandikwa. Zimetunzwa Dar. Mimi naandika kitu cha kwenda kuziuliza."

Nyanzobe akamtazama sana. "Na ziko mpaka mahali aliposimama?"

"Mpaka mahali aliposimama, shemeji."

Akaweka michembe mezani, akaenda zake bila kuuliza tena. Niliona mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Lugha aliyoandikia programu yake inaitwa Python. Nilipouliza maana yake nikaambiwa ni chatu. Nikamwambia, "Nyinyi Wasukuma! Mmetoka kucheza na chatu kwenye ngoma, sasa mmempata mpaka kwenye kompyuta." Alitabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akitabasamu kwa muda mrefu. Aliandika siku ile yote, hakutoka hata kula, na jioni akabonyeza. Programu ikatulia. Ikatulia tena. Kisha ikaandika kwamba muda wa kungoja umekwisha.

"Imekataa?" nikauliza.

"Ingekataa ningefurahi, dada. Ingesema nywila si sahihi ningerekebisha. Hii imenyamaza tu. Nagonga mlango, hakuna anayesema karibu wala toka."

Alidhani amekosea yeye. Ndivyo alivyo, jambo likiharibika popote duniani Makoye anaanza kujikagua mwenyewe. Akaandika upya. Akabadilisha hiki, akapunguza kile, akavuta vitabu vya kompyuta kutoka mtandaoni akavisoma mpaka macho yakawa mekundu. Kila akibonyeza, kimya, halafu muda umekwisha. Na mtandao ulikuwa mzima! Barua zinakwenda, picha zinafunguka, bwana Ashraf anaangalia mpira wa Ulaya mezani kwake. Nani angefikiria mtandao? Alipiga tena Dar, yule dada akamwambia seva haina tatizo, wenzenu wa Morogoro wanaingia vizuri, angalieni huko kwenu.

Huko kwenu! Nilimnyang'anya simu nikamwambia yule dada maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hayakusaidia kitu.

Siku moja akaenda Vwawa, kwa mwalimu wake wa zamani, Damiano, aliyekuwa anafundisha kompyuta pale. Alibeba kompyuta ya mkononi ya ofisi na modemu yake. Kufika, umeme umekatika mji mzima, mtandao wa mwalimu umezimika, na ile laini ya Zambia Vwawa haishiki, minara yake iko mbali. Basi wakakaa wakasoma ile programu kwa macho tu, mstari kwa mstari, mpaka betri ikaisha. Damiano akamwambia, "Mdogo wangu, hii haina kosa."

Mtu mwingine angefurahi. Makoye alirudi ameishiwa nguvu kabisa. Kosa ukiambiwa lipo, unalitafuta. Ukiambiwa halipo na mlango haufunguki, unabaki na nini? Nilimpikia ndizi, akazitazama tu. Nikamfokea, "Makoye, kula! Kaka yako alisema tusikuharibu!" Akala mbili, machozi yanamtoka, na mimi nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

Nyanzobe aliendelea kuja. "Imejibu, shemeji?" "Bado, shemeji." Hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu. Siku zilikuwa zinakwenda, mwezi wa kumi ukaisha, mawingu ya kwanza yakaanza kujikusanya upande wa Ileje, na Makoye akaiwekea programu iwe inagonga yenyewe kila baada ya muda, usiku na mchana, yeye akiendelea na kazi nyingine. Tulizoea. Ilikuwa inagonga pembeni huku tukipokea mizigo.

Mwezi wa kumi na moja ikapiga mvua ya radi, ile ya kwanza, yenye hasira. Radi ikapiga mnara wa Nakonde. Mchana ule modemu yetu ikafa. Mimi nilikuwa na karatasi za lori lililokuwa kwenye foleni, zinatakiwa Dar haraka, na dereva analia dirishani. Nikamwambia Makoye, "Chukua simu yangu hii ya laini ya huku, iunganishe na kompyuta, nitume haya mambo niondokane na huyu mtu." Akaunganisha. Karatasi zikaondoka. Dereva akaacha kelele.

Halafu nikamsikia Makoye anasema, polepole, "Dada."

"Nini tena?"

"Imejibu."

Nilipiga kigelegele! Wallahi nilipiga kigelegele ofisini, mpaka wabadilisha fedha wa nje wakachungulia kuona kuna harusi gani. Nikazunguka meza nikaenda kumkumbatia. Alikuwa hatikisiki. Alikuwa anaangalia kioo, na kwenye kioo kulikuwa na mabano mawili, la kufungua na la kufunga, na katikati yake hakuna kitu.

"Ndiyo nini hii?"

"Nimeuliza nyayo za gari la kaka. Imesema hakuna."

"Imekosea. Iulize tena."

Akaiuliza tena. Mabano mawili. Akaiuliza habari za gari letu jingine, lililokuwa njiani Iringa: mistari ikamwagika kioo kizima, tarehe, saa, mahali, mpaka ikawa haisomeki kwa wingi. Akarudi kwenye gari la Wilbard. Mabano mawili.

Safari hii alipopiga Dar alipokea fundi mpya, kijana mwenye adabu zake. Makoye akaweka sauti nje. Fundi akaeleza bila wasiwasi wowote kwamba seva ile hutunza habari kwa miezi miwili tu, baada ya hapo zinajifuta zenyewe, kwa sababu diski hujaa. Na kidude ambacho hakijatuma kitu muda wote huo, basi kwake hakuna kilichobaki.

"Ningeuliza wiki iliyopita?" Makoye akasema.

"Wiki iliyopita ungekuta za mwisho mwisho. Zimefutika juzijuzi tu. Kwani mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunagonga. Kila siku. Hamkutujibu."

Yule fundi akaomba kuangalia kitu. Tukamsikia anabonyezabonyeza. "Aa," akasema. "Mlikuwa mnakuja kwa mtandao wa Zambia? Seva yetu haipokei maombi ya kutoka nje ya nchi. Tuliifunga hivyo kwa ajili ya wezi wa mtandaoni. Inayatupa tu, haijibu. Leo mmekuja na laini ya hapa nyumbani, ndiyo maana mmeingia."

Makoye akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru, akakata simu, akaiweka mezani taratibu. Kisha akageuka akaitazama ile modemu, iliyokuwa imechomekwa pale pale alipoichomeka siku ile aliyopewa mkono na tajiri, siku ambayo Wilbard alizunguka kijiwe kumsifu. Simu yangu ilikuwa mezani kwangu wakati wote huo, hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kuilaani ile simu.

"Ni mimi, dada," akasema.

"Acha ujinga. Mji mzima unatumia laini hizo."

"Mji mzima haukuwa unamtafuta kaka."

 

Asubuhi Nyanzobe alikuja amelowa, matope mpaka magotini. Nilitaka nimwambie mimi, nimpunguzie Makoye mzigo. Makoye akakataa kwa mkono. Alisimama, akavua miwani, akamweleza yote, hakuficha hata moja: laini ya Zambia, mlango uliofungwa, ile miezi miwili, zilizofutika juzijuzi, na kwamba aliyeleta laini ile ni yeye. Alimweleza kwa Kiswahili, si kwa lugha yao. Nadhani alitaka na mimi niwe shahidi.

Nyanzobe alisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kwa hiyo mvua imeshanyesha," akasema.

"Imeshanyesha, shemeji."

Akakaa kwenye benchi. Akafungua mfuko, akatoa michembe, akampa Makoye, akanipa na mimi. Baba mkwe kule Momba naye aliambiwa, na jibu lake lilikuwa lile lile: aonyeshwe mahali. Hajaonyeshwa. Mpaka leo, mwaka wa elfu mbili kumi na tano, matanga hayajakaliwa, na Nyanzobe hajanyoa nywele kama mjane wala hajaolewa tena. Watoto wakiulizwa shuleni baba yuko wapi, wanasema yuko safari.

Bwana Ashraf alimwambia Makoye si kosa lake, hata akamwongezea majukumu. Ile modemu aliitupa mwenyewe Makoye, na siku hizi ofisi yetu ina laini ya huku, inakwenda kwa kujikokota, na hakuna anayethubutu kulalamika. Programu yake hakuifuta. Nilimwambia aizime, inaniumiza moyo. Akasema, "Sawa, dada," lakini hakuizima. Inafanya kazi vizuri kabisa. Inagonga, inafunguliwa hapo hapo, inauliza, inajibiwa.

Na Nyanzobe bado anakuja. Si kila siku sasa, ana shamba la kulima na watoto, lakini wiki haipiti. Anakaa kwenye benchi, anafungua mfuko wake, na wakishasalimiana anasema, "Umeiuliza leo, shemeji?"

"Nimeiuliza, shemeji."

"Iulize na mimi nikiwepo."

Makoye anavuta kiti, anavaa miwani, anabonyeza. Nyanzobe anainuka, anasimama nyuma yake na mkono umeshika mgongo wa kiti. Kusoma hajui, lakini mabano yale mawili ameshayajua, na yakitokea anasema ahsante, anakunja mfuko, anaondoka.